Lita 30, 80 au 180? Kuchagua tangi dogo la matumbawe litakalodumu miaka

Tangi la matumbawe lenye miezi sita halikwambii mengi. Wakati huo taa ni mpya, pampu hazijaota chokaa, na mwenyewe bado ana hamu: akiamka tu, hata uso hajanawa, ameshachungulia kioo. Tangi la kuulizia habari ni la mwaka wa tano, hamu ikiwa imepoa na kazi ikiwa ile ile. Mimi la kwanza liliniharibikia, la pili nikaligawa, na la tatu liko mwaka wa saba sasa na linapendeza kuliko lilivyowahi kuwa. Sikuwa nimepata ujuzi wa ajabu katikati. La tatu nililichagua kwa kuitazama kazi yake ya kila wiki, wakati yale mawili niliyachagua kwa picha.

Basi kipimo changu katika ulinganisho wote huu ni hicho: kazi hii utaifanya mwaka wa tano, siku umerudi umechoka?

Ukubwa

Huwa tunaambiwa tangi dogo ni gumu kwa sababu maji yake huvukiza haraka na uchumvi ukapanda. Kweli ipo, ila si kubwa hivyo. Maji yanayovukiza ni matamu, chumvi inabaki, na uvukizi hufuata upana wa uso wa maji. Chukua tangi la lita 30 lenye kina cha sentimita 33, na la lita 180 lenye kina cha sentimita 44. Yote yakishuka milimita 6 kwa siku na yasijaziwe siku nne, la kwanza litatoka uchumvi wa gramu 35 kwa kilo ya maji hadi karibu 37.7, la pili hadi 37. Ni mbio za watu wawili walioachana hatua tatu.

Kinachoangamiza tangi dogo ni kosa la kiasi kile kile kuingia kwenye maji machache. Konokono akifa nyuma ya jiwe, amonia yake ndani ya lita 30 ina ukali mara sita ya ile ya lita 180. Chakula kikizidi kijiko kimoja, hali ni hiyo hiyo. Hita ndiyo mbaya zaidi. Hita ya wati 100 ikikwama ikiwa imewaka, lita 30 hupanda takriban nyuzi 3 kwa saa, ukiacha joto linalopotelea hewani. Tangi langu la kwanza lilikwenda hivyo. Nililala maji yakiwa nyuzi 26, nikaamka yakiwa 34, matumbawe yamejikunja na kutoa ute mweupe ulioning'inia kama kamasi, na chumba kinanuka tangu mlangoni. Tangu siku hiyo naweka hita mbili ndogo badala ya moja kubwa, kila moja ikiwa haina nguvu ya kuchemsha tangi peke yake, na zote zinapita kwenye kidhibiti joto cha pembeni.

| | Lita 30 | Lita 80 | Lita 180 |
|---|---|---|---|
| Kubadilisha maji 15% kwa wiki | lita 4.5 | lita 12, ndoo moja | lita 27, ndoo na safari zake |
| Hita ya wati 100 ikikwama | nyuzi 3 kwa saa | nyuzi 1.1 kwa saa | nyuzi 0.5 kwa saa |
| Samaki | mmoja mdogo sana, au hakuna | wadogo wawili au watatu | wadogo watano au sita |
| Uzito wa maji pekee | kilo 31 | kilo 82 | kilo 185 |

Tangi la lita 30 lina sifa moja ambayo wenye matangi makubwa wanaidharau: unaweza kubadilisha theluthi ya maji yake kwa ndoo moja, dakika kumi, na karibu kila tatizo la maji likawa limepungua theluthi. Kwa mtu asiyesafiri na asiyetaka samaki, ni chaguo la heshima kabisa. La lita 180 husamehe makosa, lakini lita 27 za kuchanganya chumvi, kupasha moto, kubeba na kumwaga, kila wiki, ndizo zilizonifanya niligawe la pili. Nilianza kuruka wiki moja, kisha mbili, kisha nikawa napita chumbani nikiangalia upande mwingine.

Lita 80 ni ndoo moja kwa wiki. Sababu yangu haina ufundi zaidi ya huo.

Mwamba hai au mwamba mkavu

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta alieleza namna alivyofuga viumbe vya bahari bila chujio: mawe ya mwambani yakiwa na uhai wake, maji ya bahari, na viputo vya hewa. Mpaka leo tangi dogo la matumbawe linasimama juu ya wazo hilo, kwamba jiwe ndilo chujio. Bakteria waliotanda juu ya jiwe hugeuza amonia kuwa nitriti na nitriti kuwa nitrati. Ndani zaidi, kwenye vitundu visivyo na oksijeni, wengine huivunja nitrati ikawa gesi ya naitrojeni na kupotea.

Mwamba hai unakuja na jeshi hilo tayari, pamoja na minyoo, vijidudu vya kula mabaki na ule mwani mgumu wa rangi ya zambarau. Tangi hutulia ndani ya wiki chache. Lakini pia unakuja na wageni wasioalikwa. *Aiptasia*, anemoni ndogo ya kahawia, ukiikata ovyo kila kipande huota upya. Wengine walisikia usiku mlio wa "ta!" ndani ya kioo, na kumbe ni kambamanti mwenye rungu aliyejificha kwenye shimo la jiwe.

Mwamba mkavu hauna mgeni hata mmoja, na hauna mwenyeji pia. Mzunguko wa naitrojeni utachukua wiki nne hadi sita, halafu ndipo ubaya unapoanza: vumbi la kahawia, kisha utando mwekundu wa sainobakteria, na pengine dinoflajelati, yaani nyuzi za ute zenye viputo zinazorudi jioni hata ukizifuta asubuhi. Hapo ndipo mgeni hukosea. Anaona uchafu, anaamini maji yana virutubisho vingi, anaondoa nitrati na fosfati mpaka vipimo vinasoma sifuri. Dinoflajelati hupenda sifuri hiyo, kwa sababu washindani wao wamekufa njaa. Nitrati ya miligramu 2 hadi 10 kwa lita na fosfati ya 0.03 hadi 0.1 ni afya. Matumbawe nayo yanakula.

Ukiniuliza, mwamba mkavu kwa wingi, na jiwe moja hai la ukubwa wa ngumi kutoka tangi la miaka mingi la mtu unayemwamini, umelikagua kwa tochi usiku. Ukifika mwaka wa tatu hakuna atakayejua ulianza na lipi, isipokuwa kama *Aiptasia* bado ipo. Kwenda kujivunjia mwenyewe baharini usifikirie. Matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini, na vipande vilivyokuzwa ndani ya matangi hustahimili maisha ya kioo kuliko vilivyong'olewa.

Matumbawe: laini, polipu kubwa, polipu ndogo

Uamuzi huu ndio unaoamua mengine yote, ingawa wengi huufanya mwisho, wakiwa wameshanunua taa.

Matumbawe laini hayajengi mifupa ya chokaa. Uyoga wa *Discosoma*, tumbawe-ngozi la *Sarcophyton*, zoantidi, *Xenia* inayopumua kama kiganja kinachofumba na kufumbua: hawa hawaili kalisi (kalsiamu) yako, wanaridhika na mwanga wa kiasi, na joto likiyumba nyuzi moja hawanuni. Ugumu wao unakuja baadaye. *Xenia* na nyasi za kijani za *Pachyclavularia* hazijui mpaka. Mwaka wa kwanza unashangilia zikitambaa, mwaka wa tatu unazikwangua kwa kisu. Ziweke kwenye jiwe la peke yake, lililozungukwa na mchanga kama kisiwa. Tumbawe-ngozi nalo hutoa kemikali za kuwadumaza jirani zake, ndiyo maana mfuko mdogo wa mkaa wa kuchujia hautoki kwenye tangi langu.

Zoantidi zinahitaji onyo la kweli. Baadhi, hasa *Palythoa*, zina palitoksini, sumu miongoni mwa kali zinazojulikana. Vaa glavu na miwani ukizikata, na kamwe usichemshe jiwe lililoziotesha wala kulisugua kwa maji ya moto ili "kulisafisha". Mvuke wake umewapeleka watu hospitalini, familia nzima kwa mkupuo.

Matumbawe magumu ya polipu kubwa (polipu ni kila kijinyama kimoja chenye mdomo na mikono), kama *Euphyllia* na *Caulastraea*, ndiyo katikati. Yanajenga mifupa, hivyo yanakula kalisi na ualkali (akiba ya kabonati majini, inayopimwa kwa nyuzi zake, dKH, zisizo za joto), lakini taratibu. Yana nyama nyingi inayocheza na mkondo, na kwa macho yangu hakuna kinachopendeza kuzidi *Euphyllia* yenye vichwa kumi. Ila izime taa, subiri saa mbili, kisha mulika kwa tochi nyekundu: utaona mikono mirefu myembamba imenyooka hata sentimita kumi na zaidi, inapapasa kumtafuta jirani wa kumchoma. Nafasi unayoiacha siku ya kupanda ipime kwa mikono hiyo ya usiku.

Polipu ndogo ni *Acropora* na *Montipora*, zile zenye matawi na sahani zinazojaza picha. Zinataka mwanga mkali, mkondo mkali, na maji yasiyoyumba. Ualkali ukiruka ghafla nyuzi mbili, *Acropora* inaweza kuchunika kuanzia chini ikabaki mfupa mweupe ndani ya siku mbili. Katika lita 180 zenye vifaa vya kupimia na kujazia inawezekana. Katika lita 30 inawezekana pia, kama vile inavyowezekana kubeba yai kwenye kijiko ukipanda ngazi kila siku kwa miaka saba.

Ukitaka tangi la kudumu na una maisha mengine nje ya tangi, chukua laini kama msingi, na polipu kubwa mbili tatu za kukufurahisha. Ukitaka *Acropora*, ichague ukijua umechagua kazi ya kila siku.

Kubadilisha maji peke yake, au kuongeza dozi pia

Hapa kuna imani inayorithishwa bila kuhesabiwa: "badilisha maji kila wiki, kalisi na ualkali vitajirudi vyenyewe." Vitajirudi sehemu ndogo tu. Ukibadilisha 15% unarudisha 15% ya pengo lililopo kati ya maji ya tangi na maji mapya, si pengo lote. Tuseme matumbawe yako yanakula nyuzi 0.7 za ualkali kwa wiki, kiasi cha kawaida kwa *Euphyllia* zilizokua. Pengo litazidi kupanuka mpaka 15% yake itoshe kufidia 0.7, yaani nyuzi 4.7 chini ya maji mapya. Chumvi yako ikiwa na nyuzi 9, tangi litatua kwenye 4.3. Kwa matumbawe hiyo ni njaa, wakati bahari yenyewe ina karibu 7.

Kwa nitrati hesabu ni ile ile ikigeuzwa. Tangi linalozalisha miligramu 2 kwa lita kila wiki, ukibadilisha 10%, litapanda mpaka 20 na kusimama hapo. Ukibadilisha 20%, litasimama kwenye 10. Kwa hiyo maji mapya hushinda vizuri kwa uchafu unaojilimbikiza na madini yanayotumika kidogo, na hushindwa kwa ualkali wa tangi lenye matumbawe magumu mengi.

Namna ya kujua uko upande gani ni rahisi. Pima ualkali baada tu ya kubadilisha maji, usiongeze chochote, pima tena baada ya siku saba. Ukiwa umepungua kwa chini ya nyuzi 0.3, ndoo inatosha. Ukishuka zaidi, anza dozi: ama maji ya chokaa, yaani hidroksidi ya kalsiamu iliyoyeyushwa kwenye maji matamu ya kujazia, ama chupa mbili, moja ya kloridi ya kalsiamu na nyingine ya bikabonati ya sodiamu. Maji ya chokaa yana faida ya kuongeza vyote viwili kwa uwiano mmoja, na hatari moja: yakimwagika mengi kwa mara moja, pH inapaa. Chupa mbili ni salama zaidi kwa mikono inayojifunza. Zisichanganywe zikiwa nzito, maana zitakutengenezea theluji ya chokaa.

Maji yenyewe ya kuchanganyia chumvi yawe yamechujwa kwa osmosi hadi kipimo cha madini kisome sifuri. Ya bomba yana fosfati, shaba na vingine ambavyo havionekani leo, vinajificha kwenye mawe na kujitokeza mwaka wa tatu kwa sura ya mwani. Hapo sina ulinganisho wa kutoa.

Vifaa, kwa haraka

Tangi lenye vyumba vya chujio nyuma ya kioo, au lenye tangi la chini lililofichwa kabatini? La chini hukupa nafasi ya skima kubwa (kifaa kinachotoa uchafu kwa povu) na kuficha hita, na huongeza maji. Pia huongeza mabomba, na bomba ni mahali pa kuvuja. Kwa lita 80 vyumba vya nyuma vinatosha. Kwa 180 ningeweka la chini.

Taa: mirija ya T5 hueneza mwanga vizuri bila vivuli vikali, lakini ibadilishwe karibu kila mwaka hata kama bado inawaka, kwa sababu mwanga wake hufifia na kugeuka rangi. LED hukaa miaka, na kosa lake ni mwenyewe, anayeiwasha kwa nguvu zote siku ya kwanza na kubabua matumbawe. Anza chini, panda wiki kwa wiki.

Skima kwenye lita 30 ni kelele tu.

Samaki

Fahali wawili hawakai zizi moja, na kuna samaki ambao lita 80 haziwatoshi hata akiwa mmoja. Wale wa jamii ya *Zebrasoma* huuzwa wakiwa na urefu wa kidole na hukua kupita kiganja, wakiogelea siku nzima, waache. *Synchiropus splendidus* ni mzuri kupindukia na hula vijidudu hai kutwa kucha. Ndani ya tangi dogo atavimaliza, kisha atakonda mbele ya macho yako.

Linganisha na *Amphiprion ocellaris*, samaki wa anemoni. Huzaliwa kwenye matangi, hula karibu chochote, hahitaji anemoni, na anaweza kufikisha miaka ishirini na zaidi. Wanunue wawili wadogo pamoja: wote huanza wakiwa madume, mkubwa hugeuka jike, na ugomvi unaisha. Ukiongeza gobi mmoja anayechimba mchanga na kushirikiana na kamba wake, tangi limeshajaa. Juu weka kifuniko cha wavu, sio cha kioo. Gobi huruka, na wavu hauzuii hewa.

Mwaka wa nne na kuendelea

Matangi mengi ya zamani hayafi kwa ajali. Hufa kwa vumbi. Mabaki hujikusanya ndani ya mawe na chini ya mchanga mpaka fosfati inavuja mfululizo. Kila wiki, kabla ya kunyonya maji machafu, napuliza mawe kwa sirinji kubwa. Wingu la kijivu linalotoka kwenye jiwe linaloonekana safi bado linanishangaza. Mchanga naunyonya robo tu kwa zamu, usiwe mzito kupita sentimita tatu, kwa sababu mchanga mnene ulioachwa miaka kisha ukachimbuliwa ghafla unaweza kutoa salfidi ya hidrojeni, ile harufu ya yai viza.

Pampu huoshwa kwa siki kila miezi mitatu minne. Rifraktomita, kipimo cha uchumvi, husawazishwa kwa kimiminika cha uchumvi wa 35, maana ikisawazishwa kwa maji matamu peke yake inaweza kukudanganya huko juu. Kemikali za kupimia zina tarehe ya mwisho. Niliwahi kurekebisha ualkali mwezi mzima kwa kufuata chupa iliyokwisha muda, na tangi lilikuwa sawa tangu mwanzo. Na pampu ya hewa ya betri, kwa siku umeme unapokatika, ikae karibu na tangi. Oksijeni huisha kabla ya joto.

Limebaki suala la safari. Kifaa cha kujazia maji chenye boya, au mtu? Kifaa hakisahau, lakini boya linaweza kukwama na konokono. Dawa yake ni kulipatia tangi la lita 80 dumu la lita 5 tu: likimwagika lote, uchumvi unashuka kutoka 35 hadi karibu 33, na hakuna anayekufa. Dumu hilo linatosha siku nne. Zaidi ya hapo unahitaji mtu, na mtu ana huruma, ataona samaki wanamwangalia na atawalisha mara tatu kwa siku. Nimepiga mstari kwa kalamu kwenye kioo cha chumba cha pampu. Anayebaki nyumbani anaachiwa dumu la maji matamu na kazi moja, kujaza hadi mstarini. Kopo la chakula nafunga nalo safari.